NENO "UBAGUZI" LISICHEZEWE

Yako maneno ambayo mtu akiyachezea huwa amechezea haki za watu. Moja ni neno ubaguzi. Siku hizi kila aliyekosa cheo hulipigia kelele, na kila anayebagua kwa kweli hulikimbia. Sisi tunaozunguka matawini twayasikia yote mawili, nasi twasema: imetosha.

Kubagua, kwa asili yake, ni kutenga kitu na vingine. Mkulima akibagua mbegu nzima na zilizobunguliwa hajamdhulumu mtu. Lakini binadamu si mbegu. Mtu akitengwa na haki yake kwa sababu ya rangi, kabila au dini, au kwa kuwa ni mwanamke, huo ni ubaguzi, hata ukivikwa joho zuri namna gani.

Na wakoloni walijua sana kuuvika joho! Mwaka 1955, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, walitoa viti 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, kisha wakauita mpango huo usawa. Usawa gani? Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu wapatao 20,000! Uchaguzi wa 1958 na 1959 ukaja na kura tatu: mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Huo ulikuwa ubaguzi uliojiita usawa.

Lakini neno hili ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Oktoba 1961 walikuwako wabunge waliotaka uraia utolewe kwa kutazama rangi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwapinga waziwazi. Maana kama rangi ilikuwa kipimo kibovu mkononi mwa mkoloni, yawezaje kuwa kipimo chema mkononi mwetu?

Leo joho linaitwa desturi. Binti ananyimwa shamba la marehemu baba yake, akiuliza anaambiwa si ubaguzi, ni mila. La hasha! Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, huku mwanamume akiweza, ni ubaguzi unaopingana na Katiba.

Wako pia wanaolia kwamba kumsaidia aliyeachwa nyuma ni ubaguzi. Hao na waisome Katiba ya 1977, ibara ya 13. Inaeleza maana ya kubagua, tena inasema kwamba maana hiyo haiizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Kumwinua aliyekandamizwa si kumkandamiza mwenzake.

Basi kipimo chetu ni kimoja: je, mtu huyu amenyimwa kwa vile alivyo, ama kwa vile alivyotenda? Aliyeshindwa mtihani asisingizie ubaguzi. Aliyefaulu kisha akanyimwa kazi kwa ajili ya kabila lake asinyamaze, na sisi tusimwache peke yake.

Wanachama, mkiona ubaguzi utajeni kwa jina lake, hata kama mwenye kubagua ni jirani, mzee wa ukoo au kiongozi wa tawi lenu. Mkoloni amekwisha kuondoka. Tusimrithi joho lake.