Mtoto Akikataa Tonge

Wasomaji wetu wengi wa Pwani hawajafika Sigor, na wanaolijua jina hilo aghlabu huliweka Pokoti, kwani huko nako kuna Sigor yake. Hii ninayoisema mimi iko Chepalungu, katika kaunti ya Bomet, nchi ya Wakipsigis. Ukiwa Kericho macho hushiba kijani cha majani chai, kilima baada ya kilima. Ukishuka kuelekea Sigor chai hupungua, mahindi na ng'ombe wakazidi. Huko nako wapo watu wetu: walimu, wenye maduka, na wake waliofuata waume zao kazini. Na lalamiko nililolisikia kwao lilikuwa moja tu: mtoto hali.

Mama mmoja aliyenikaribisha alikuwa amempikia mwanawe wa miaka 3 wali wa nazi na mchuzi wa samaki mkavu. Nazi ilitoka Mombasa kwa basi, na samaki vivyo hivyo, na tui alilichuja mwenyewe, la kwanza na la pili. Mtoto aliitazama sahani, akafumba kinywa, akateremka kwenye kiti. Muda si muda alirudi kutoka kwa jirani na midomo yenye rangi ya majivu. Alikuwa amekunywa mursik. Mama akanigeukia kwa haya, kana kwamba mimi ndimi kadhi. "Ami, huyu si wa Pwani tena."

Kwa asiyeijua, mursik ni maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kibuyu husafishwa, kisha ndani yake husuguliwa kwa kaa la moto la mti uitwao senetwet, na hapo maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa, kibuyu kikafungwa siku kadhaa. Lile kaa ndilo linaloyapa rangi yake na harufu yake. Ndiyo maziwa wanayopokewa nayo wakimbiaji wetu uwanja wa ndege wakirudi na medali. Mimi mwenyewe niliyaonja, nikameza kwa adabu ya mgeni, wala sikuomba ya pili. Lakini mtoto yule amekua na harufu ile. Kwake yeye kigeni ni samaki mkavu, na si ajabu.

Woga wa chakula kisichozoeleka ni maumbile ya watoto, na huwa mkali zaidi baina ya miaka 2 na 6. Mtoto aliyekuwa akila kila kitu akiwa na mwaka mmoja, ghafula hukataa mchicha, hutaka wali usioguswa na mchuzi, hulia kwa sababu ndizi imekatika. Wazee husema amedekezwa. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuletwa mbele yake mara 8, hata 15, kwa kidogo na bila ya vita, kabla ya ulimi kukikubali. Mama wengi huacha baada ya mara ya tatu.

Tena tukumbuke kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Nyumbani kwa Bibi Maimuna, Mtume (S.A.W.) aliletewa dhabb wa kuchoma, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akajivutia akala, na Mtume akimtazama. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mbora wa viumbe, mtoto wa miaka 3 tumdai zaidi?

Nayasema haya kwa sababu nimeyaona yanayotendwa, Bara na Pwani pia. Mtoto hulazwa mapajani, hubanwa pua, na kinywa kikifunguka kutafuta pumzi, uji humiminwa. Wanaofanya hivyo hufanya kwa mapenzi, tena kwa mafunzo ya bibi zao. Lakini uji unaoingia njia ya hewa humpalia mtoto, huweza kumletea kichomi, na huweza kumwua. Hata asipopaliwa, kesho akiiona kawa tu ataanza kulia. Mimi naona desturi hii iachwe, na bibi wa nyumba ndiye wa kwanza wa kuambiwa, kwa heshima zake zote.

Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Clara Davis, alichapisha habari za watoto walioachishwa ziwa karibuni, akawaachia wachague chakula wenyewe. Walikula kwa vituko: leo mayai matupu, kesho ndizi kwa ndizi. Hata hivyo walinawiri. Lakini msomaji asikimbilie kusema, basi tuwaachie. Katika trei zile hamkuwa na sukari wala biskuti wala soda. Kila kilichokuwamo kilikuwa chema, na mtoto hakuwa na namna ya kuchagua kibaya. Mkubwa ndiye aliyechagua kwanza.

Hapo ndipo penye udhia wetu. Mtoto "asiyekula" wa Sigor, na mwenziwe wa Majengo, ukiuliza utaambiwa asubuhi alikunywa chai na mkate, saa nne biskuti, saa sita soda kidogo ili anyamaze. Sasa tumbo hilo litapokea wali kwa nafasi gani? Huku sokoni wimbi umejaa, na wimbi una chokaa ya kujenga mifupa kuliko mahindi na mchele. Maharagwe yapo, mayai yapo, maziwa ndiyo usiseme. Na mseto wa chooko wa bibi zetu, uliopondwa ukalainika, hauhitaji nazi kusafiri usiku kucha.

Kuhusu mursik, mama yule alikuwa na swali jingine aliloona haya kuliuliza. Zamani watu wa huku walikuwa wakichanganya damu ya ng'ombe na maziwa, na damu kwetu ni haramu kwa nassi ya Kurani. Nilimwambia amwulize jirani yake waziwazi, kwani jirani hachukii kuulizwa. Aliuliza, na jirani akacheka: kwake hutiwa maziwa na kaa, basi. Akaongeza kuwa mtoto akitaka, aje na kikombe chake.

Liko jambo moja lisilo la kuchekwa, nalo ni mtoto anayekula udongo, chokaa ya ukuta au mawe laini yale yauzwayo sokoni. Pwani tulimwita mwenye safura, na hatukukosea sana, kwani aghlabu huyo ana minyoo au amepungukiwa na damu. Apelekwe zahanati apimwe choo na damu, asichapwe. Na chai, hata katika nchi hii inayoilisha dunia, isipewe mtoto pamoja na chakula: tanini yake huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mama yule aliniambia majirani watamwona bahili, mtu anakaa karibu na Kericho na mwanawe hanywi chai.