Somo la Takwimu Lifundishe Kuhoji

Mwanafunzi wa kidato cha sita akipewa orodha ya namba thelathini na kuamriwa atafute wastani wake, ataupata. Akiamriwa atafute kipimo cha mtawanyiko, atachora jedwali, atajumlisha, atagawanya, atatoa kipeuo cha pili, na alama zake atazipata zote. Lakini akiulizwa namba hizo zilitoka wapi, nani alizikusanya, nani hakuhesabiwa, na wastani huo umeficha nini, aghalabu atanyamaza. Si kwamba hana akili. Hakuna aliyepata kumwuliza maswali hayo, na mtihani hauyaulizi.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi huyo, baada ya miaka michache, ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu, afisa elimu wa kata, mganga, bwana shamba au afisa mipango wa wilaya. Meza yake itajaa taarifa, na kila taarifa itakuwa na majedwali. Kwa jedwali moja darasa litajengwa kijiji hiki na kuahirishwa kijiji kile. Kwa jedwali jingine dawa zitapelekwa zahanati hii zaidi kuliko ile. Mtu akaaye mbele ya majedwali hayo akijua kuyajumlisha tu, pasipo kujua kuyahoji, anaweza kuwadhuru wananchi ingawa hana nia mbaya hata kidogo.

Na ichukuliwe kwa mfano kata yenye shule tano za msingi, kila shule ikiwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza. Shule ya kwanza ina watoto 30 katika darasa hilo, ya pili 32, ya tatu 35, ya nne 38. Na ya tano, iliyo karibu na machimbo ambako watu wamehamia kwa wingi, ina watoto 115. Jumla ni watoto 250 na walimu watano. Wastani ni watoto 50 kwa mwalimu mmoja. Taarifa itakayopelekwa wilayani itaandika 50, na hesabu hiyo ni sahihi, hakuna aliyedanganya. Lakini katika kata nzima hakuna hata darasa moja lenye watoto 50. Shule nne ziko katika hali nzuri, na moja imo katika mashaka makubwa. Afisa akisoma 50 ataona tatizo la kadiri lililoenea kila mahali, na pengine atagawa msaada sawa kwa sawa kwa shule zote, ilhali tatizo ni kubwa na liko mahali pamoja.

Mtu aliyefundishwa vema angetazama pia namba ya katikati, yaani ile inayoangukia kati wakati namba zinapopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Hapa ni 35. Tofauti ya 35 na 50 ingemshtua, kwa kuwa namba hizo mbili zikiachana sana, mara nyingi kuna namba chache zinazouvuta wastani upande mmoja. Kisha angekwenda hatua nyingine mbele na kuuliza: huu ni wastani wa nani? Wakiulizwa walimu watano, wastani ni 50. Lakini watoto wote 250 wakiulizwa mmoja mmoja kwamba darasani mwao wamo wangapi, watoto 115 watajibu 115, na wastani wa majibu yote utakuwa 71. Ofisi inahesabu madarasa. Mtoto anahesabu wenzake anaobanana nao. Namba zote mbili ni za kweli. Kuchagua ipi iandikwe katika taarifa ni uamuzi juu ya maisha ya watu, na uamuzi huo haumo katika kanuni yoyote ya hesabu.

Mambo ni hayo hayo kwa taifa zima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Wakigawanywa kwa eneo la nchi kavu, wanapata kama watu 70 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini Mkoa wa Dar es Salaam una zaidi ya watu 3,000 kwa kila kilomita ya mraba, na Mkoa wa Lindi hawafiki 20. Mpango wa maji au wa barabara uliofanywa kwa ajili ya nchi yenye watu 70 kila kilomita ya mraba hautafaa Kariakoo wala hautafaa Liwale.

Mfano wa pili unawahusu walimu moja kwa moja. Kwa miaka mingi shule zimelinganishwa kwa asilimia ya watahiniwa waliofaulu. Zipo shule mbili: moja ina watahiniwa 25, nyingine 400. Na ikubaliwe kwamba ufundishaji wa shule hizo ni sawa kabisa, hata kila mtahiniwa, katika shule yoyote kati ya hizo, ana nafasi 80 katika 100 ya kufaulu. Katika shule kubwa matokeo ya mwaka hadi mwaka yatapanda na kushuka kidogo tu, kwa kawaida baina ya asilimia 76 na 84. Katika shule ndogo yatayumba baina ya asilimia 64 na 96. Mwaka mmoja mwalimu mkuu wa shule ndogo atabebwa juu kwa vigelegele, mwaka unaofuata ataitwa kujieleza, na katika miaka yote miwili hakubadilisha kitu. Kilichobadilika ni bahati tu, ambayo huwachezea wachache kuliko wengi.

Kanuni inayoeleza jambo hili ni hii: mtawanyiko hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu waliopimwa, hata ili kupunguza mashaka kwa nusu inapasa kupima watu mara nne zaidi. Mwanafunzi anaweza kuijua kanuni hiyo kwa moyo. Ila hakuambiwa kwamba inamhusu mwalimu wake mkuu. Baraza la Mitihani la Tanzania, katika miaka lilipokuwa likipanga shule kwa nafasi, liliziweka shule zenye watahiniwa wachache katika kundi lao peke yake, na mwaka 2023 likaacha kutangaza orodha ya shule bora. Hatua zote mbili zilikuwa na busara. Hata hivyo ni wangapi, miongoni mwa waliosoma orodha zile kwa miaka yote hiyo, waliofahamu kwa nini shule ndogo zilitengwa?

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya mashaka ni kukusanya majibu mengi tu. Historia inawakanusha. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 ili kutabiri uchaguzi wa rais. Majibu zaidi ya milioni mbili yalirudi, nalo likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limechukua majina mengi kutoka katika orodha za wenye simu na wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki watu hao hawakuwa mfano wa taifa. Tena waliojisumbua kujibu walikuwa sehemu ndogo tu ya walioulizwa. Wakati huo huo George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alitabiri sawasawa kwamba Roosevelt angeshinda. Mamilioni ya majibu yaliyokusanywa vibaya yalishindwa na majibu machache yaliyochaguliwa kwa uangalifu.

Kosa la mwaka 1936 halikuzikwa Marekani. Dodoso likipelekwa kwa shule zote za wilaya, na zikajibu zile tu zilizo kando ya barabara kuu, zenye umeme na mtandao wa simu, je, wastani wa majibu hayo ni hali ya wilaya, au ni hali ya kando ya barabara? Shule iliyo ng'ambo ya mto usiovukika wakati wa masika haikujibu, na kutojibu kwake ndiyo habari muhimu kuliko zote. Afisa aliyefundishwa kuhoji ataanza na swali hilo kabla ya kugusa mashine ya kukokotoa.

Kwa nini basi somo halifundishwi hivyo? Si haki kumtwika mwalimu lawama yote. Muhtasari ni mrefu, muda ni mfupi, na mtihani ndio unaomhukumu yeye pamoja na wanafunzi wake. Swali la kutafuta wastani husahihishwa kwa dakika moja. Swali la kueleza maana ya wastani linataka msahihishaji asome na afikiri. Kadhalika iko sababu ya lugha. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, na istilahi za somo hili hukaririwa kama dua isiyofahamika. Mwanafunzi anaweza kutaja jina la kipimo, akakiandika kwa herufi ya Kigiriki, na asiweze kumweleza mama yake nyumbani kwamba maana yake ni umbali ambao watu wametawanyika kutoka katikati. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii: wastani, mtawanyiko, sampuli, nasibu, uwezekano. Mwalimu asione haya kuyatumia. Jambo likisha kueleweka, istilahi ya mtihani hujifunzwa kwa siku moja.

Wengine watasema kwamba lazima mwanafunzi ajue kwanza kukokotoa, na kuhoji kutafuata baadaye. Neno hilo lina ukweli wake: asiyejua kutafuta wastani hawezi kuukosoa. Lakini hiyo "baadaye" haiji. Wengi wa wanaomaliza kidato cha sita hawataona tena somo la takwimu darasani. Na wanafunzi wengi wa michepuo ya lugha na historia huwa wameiaga hisabati tangu kidato cha nne. Kadhalika siku hizi mashine hukokotoa haraka kuliko mtu yeyote. Kazi iliyobaki kwa binadamu ni ile ambayo shule inaiahirisha.

Marekebisho hayahitaji fedha nyingi. Mwalimu na achukue mfuko wenye punje 500 za maharage, 400 meupe na 100 mekundu. Kila mwanafunzi, bila kutazama, achote punje 20, ahesabu mekundu, kisha azirudishe. Wastani utakaribia 4, lakini huyu atapata 2, yule 6, na mwingine pengine hatapata hata moja. Kisha wachote punje 80 kila mmoja na kulinganisha asilimia zao. Wataona kwa macho yao kwamba zimesogeleana. Kwa saa moja darasa litakuwa limeielewa sampuli kuliko kwa mwezi mzima wa kukariri. Baada ya hapo na waende kwenye daftari la mahudhurio la shule yao, kwenye kipimo cha mvua kama kipo, kwenye mavuno ya shamba la shule, wakusanye namba wenyewe na kuona jinsi ilivyo vigumu kuzikusanya kwa uaminifu. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa jiografia washirikiane, kwani somo la jiografia nalo linagusa utafiti na takwimu. Na watunga mitihani waongeze katika kila swali la hesabu sehemu moja ndogo: "Namba hii inaficha nini?" Kinachoulizwa na mtihani ndicho kitakachofundishwa.

Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, moja ya lawama zake kubwa ilikuwa kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliwatenga wanafunzi na jamii waliyopaswa kuitumikia. Mwanafunzi anayekokotoa urefu wa watu ambao hawapo, katika mji usiotajwa, wakati kijiji kilicho nyuma ya shule yake hakijulikani kina kaya ngapi zisizo na choo, bado yuko katika utengano huo.

Hata hivyo ni lazima kutahadhari. Kuhoji takwimu si kuzikataa. Mtu anayesema kwamba takwimu zote ni uongo ni mvivu sawa na yule anayeziamini zote. Wote wawili wamejiepusha na kazi ya kufikiri. Hesabu ya watu, iliyofanywa katika miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, ni kazi kubwa ya maelfu ya makarani waliotembea nyumba kwa nyumba, na bila hiyo hakuna ajuaye ni watoto wangapi watakaotaka madawati. Heshima inayostahili kazi hiyo ni kuisoma kwa makini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa limejitahidi kuweka daftari. Sasa yafaa vijana wa kidato cha tano na cha sita wafundishwe kulisoma, ili siku taarifa itakapowekwa mezani ikiwa na namba 50, awepo mtu chumbani atakayeuliza watoto 115 wamekaa wapi.