Ndege wanaokimbia baridi wako kwetu

Juma hili tunazungumza juu ya wageni ambao wengi wetu tunawaona kila asubuhi na kupita tu. Mvua inapoanza huku Kalemie, mwezi wa tisa na wa kumi, ndege kutoka Ulaya wanafika kando ya Ziwa Tanganyika. Wanakaa nasi mpaka mwezi wa tatu au wa nne, kisha wanarudi kwao kutaga mayai. Sisi tunaoanika ndagala mchangani tunawajua kwa sura, hata kama hatujui safari yao.

Wa kwanza ni mbayuwayu mwenye mgongo wa buluu nzito, koo jekundu na mkia kama mkasi. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Anakula wadudu wanaoruka. Kwao baridi ikiingia wadudu wanakwisha, naye akibaki atakufa njaa. Wa pili ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, anayetembea peke yake pembeni ya maji akitikisa mkia juu na chini bila kuchoka. Kutoka Ulaya mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 6,000, na katikati kuna jangwa la Sahara.

Zamani Wazungu wenyewe hawakujua ndege hao wanaenda wapi. Wengine walidhani mbayuwayu wanalala ndani ya matope, chini ya maji, mpaka joto lirudi. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, korongo mmoja aliuawa, wakamkuta na mkuki umechoma shingo yake. Ulikuwa mkuki wa Afrika ya kati, naye alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Tena mwaka 1911 mbayuwayu alivishwa pete mguuni Uingereza, na mwezi wa 12 mwaka 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Wasimulieni watoto habari hizi jioni. Ile ya mkuki hawataisahau.

Si ndege wote wanaofika huku. Huko Ubelgiji, ambako tuna ndugu wengi, watu wanatembeza mbwa wao kando ya bahari hata wakati wa baridi. Mchangani kuna ndege wadogo weupe wanaokimbia mbele ya mawimbi wakitafuta vidudu. Siku ni fupi, baridi inakula nguvu za mwili, kwa hiyo ndege lazima ale sana kabla ya giza. Mbwa akiwafukuza wanaruka wote, na kila kuruka kunamaliza mafuta ya mwili. Ndege anayefukuzwa mara nyingi kwa siku anaingia usiku wa baridi na njaa, na anaweza kufa. Ndiyo sababu mahali pengi panapohifadhiwa ndege, mbwa lazima ashikwe kwa kamba.

Huku kwetu hakuna barafu, lakini hesabu ni ile ile. Kabla ya kurudi, ndege wanakula sana ili wapate mafuta ya safari. Sisi hatuna desturi ya kutembeza mbwa; yeye mwenyewe anatufuata tunapoenda kuteka maji na kufua. Akifika mchangani anawakimbiza ndege, na watoto wanacheka na kurusha mawe. Kwao ni mchezo. Kwa ndege ni kunyang'anywa sahani kabla hajashiba, na mama yeyote anajua maana yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mbwa akienda nasi ziwani ashikwe kwa kamba, na apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo tunalinda ndege na watoto pamoja. Mtoto akiumwa na mbwa, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha tumpeleke kituo cha afya siku ile ile. Ugonjwa huo ukishaonekana mwilini, karibu hakuna anayepona.

Pili, manati yabaki nyumbani. Na ndege aliyekutwa amekufa, mtoto asimguse kwa mkono, wala asiletwe jikoni.

Tatu, tuwape watoto kaye na kreyo. Siku ya Posho, jua likiisha kutoka, twende nao kando ya ziwa, mbali kidogo na maji na majani marefu kwa sababu ya mamba na kiboko. Tukae kimya. Mtoto aandike tarehe, ndege aliowaona, wangapi, na walikuwa wanafanya nini. Asiyejua kuandika achore. Kuhesabu ndege wanaosogea ni kazi ngumu; kunamzoeza mtoto kutazama kwa makini, na hilo litamsaidia darasani.

Kazi hii haihitaji mama aliyesoma. Bibi zetu wanawaita ndege hawa kwa majina ya Kitabwa, Kiluba na Kibembe, na wanajua ni yupi anakuja na mvua. Mtoto amuulize bibi, aandike jina hilo pembeni ya mchoro wake. Jina lisiloandikwa linaweza kupotea pamoja na bibi aliyelijua.

Vikundi vya wamama wanaoanika samaki, chagueni mtu mmoja wa kushika kaye ya kikundi. Mwezi wa nne tuandike siku ya mwisho tulipomwona mbayuwayu huyo wa koo jekundu. Mwezi wa tisa tutafungua kaye zile zile, tuone nani atamwandika wa kwanza akirudi.