Bima ya ajali na maradhi makubwa: Ni ya ziada juu ya nini?

SIKU za soko katika mpaka wa Mpondwe, katikati ya wauza vitenge, chumvi ya Katwe na samaki wa kukaushwa, hukosi kumkuta kijana mwenye mkoba wa karatasi akiuza bima. Anayo ya ajali, anayo ya kulazwa hospitalini, na akiona mteja ana dalili ya pesa humtolea ile ya maradhi makubwa kama saratani, kiharusi na figo. Wengi humsikiliza kwa adabu kisha wakaendelea na shughuli zao. Wachache hutia saini bila kusoma. Nadhani makundi yote mawili yanakosea.

Wanaokataa wana hoja yao. Wanauliza kwa nini mtu alipe bima wakati serikali inatibu bure. Ni kweli kwamba malipo ya wagonjwa katika vituo vya serikali yalifutwa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na kwa msingi huo Hospitali ya Bwera hupokea wagonjwa wa pande zote mbili za mto Lubiriha. Hata hivyo, kila aliyewahi kulaza mtu anajua hesabu halisi ilivyo. Dawa zikiisha unaandikiwa karatasi ukanunue nje, na mwangalizi wa mgonjwa lazima ale. Hospitali ya Kagando ni ya Kanisa la Uganda, hivyo mgonjwa huchangia gharama. Mwenye saratani huenda akapelekwa Mbarara au kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, na huko nauli na malazi ya wiki kadhaa humaliza akiba ya miaka.

Wauza bima huiita bidhaa yao "ya ziada". Neno hilo limetoka katika nchi ambazo raia ana bima ya msingi, naye huongeza nyingine juu yake. Kenya ilianzisha mfuko wake wa hospitali mwaka 1966 na kuubadilisha Oktoba 2024. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Rwanda ina "mutuelle" iliyoenea hadi vijijini. Kwetu Uganda, Bunge la Kumi liliupitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwishoni mwa Machi 2021, lakini haukupata saini ya Rais. Kwa hiyo mchuuzi wa Bwera anapoambiwa anunue ya ziada, ana haki ya kuuliza ni ya ziada juu ya nini.

Kipo kidogo tu, nacho ni chembamba. Bima ya lazima ya magari, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1989, iliweka kikomo cha fidia cha shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeumia au kufa. Fedha hizo leo hazifiki mbali kwa mfupa wa paja unaohitaji chuma. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamlinda aliyeajiriwa, wala si mama anayejiajiri kwa magunia mawili ya maharage. Kadi ya njano ya COMESA nayo huenda na gari linalovuka mpaka. Mwenye kuvuka daraja kwa miguu haimhusu.

Kwa sababu hiyo nasema bima ya ajali ndiyo ya kwanza kwa mfanyabiashara wa hapa. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya maradhi, na hatari yenyewe tunaipanda kila siku kwa jina la bodaboda. Lakini isomwe kabla ya kulipiwa. Jirani yangu mmoja, muuza samaki, alilipa ada yake bila kukosa mwezi. Pikipiki ilimwangusha Kasindi, hatua chache kutoka forodhani, akavunjika mguu. Kampuni ilimjibu kwamba mkataba wake ulihusu ajali zilizotokea ndani ya Uganda tu. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kweli, ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza. Mtaji wake uliishia kwa fundi wa mifupa na kwenye chakula cha watoto. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini karatasi iliyoandikwa "Uganda tu" haijui habari hiyo. Mtu ambaye nusu ya wiki yake iko ng'ambo lazima adai Kongo iandikwe kwa jina, au atafute kampuni nyingine.

Sisi tuliorudi tuna mtego mwingine, nao ni majina. Vyeti vyangu vya shule, nilivyovipata uhamishoni, vina jina moja, na kitambulisho changu cha taifa kina mpangilio mwingine. Darasani ni jambo la kuchekesha. Siku ya madai, karani wa bima huiona tofauti hiyo kuwa sababu ya kusimamisha malipo. Jina katika mkataba, katika kitambulisho, katika laini ya simu unayolipia na katika karatasi ya hospitali liwe lile lile, herufi kwa herufi. Vivyo hivyo jina la mrithi, hasa kama mke au mume ana karatasi za Kongo.

Yako pia mambo ambayo mikataba mingi huyatoa nje. Vita na ugaidi ni mojawapo. Katika mji ambao Juni 2023 ulizika zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Lhubiriha waliouawa na ADF, kifungu hicho si cha kurukwa. Kingine ni magonjwa ya mlipuko. Ebola ilipovuka mpaka Juni 2019, waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Bima inayolipa kwa kila usiku wa kulazwa haimlipi mtu aliyewekwa chini ya uangalizi nyumbani huku biashara imefungwa. Ulizia pia orodha ya hospitali. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020 yaliiharibu Hospitali ya Kilembe na kuwahamisha wagonjwa, na kijitabu cha bima hakibadiliki kwa kasi ya mto.

Bima ya maradhi makubwa hufanya kazi kwa namna nyingine. Haimlipi daktari. Inakupa fungu la fedha mara ugonjwa uliotajwa unapothibitishwa, nawe ulitumie kwa nauli, karo au deni. Ni kitu kizuri kwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mchuuzi ambaye mapato yake hupanda na kushuka naiona kwa mashaka, kwa kuwa ukishindwa kulipa ada kwa miezi kadhaa mkataba hufa na ulicholipa kimekwenda. Kuna muda wa kusubiri kabla ya haki kuanza, na mara nyingi sharti la kuishi siku kadhaa baada ya kugunduliwa. Ugonjwa uliokuwa nao kabla hauhesabiwi, na kuuficha ni kujiharibia dai mwenyewe. Wakala akikuchanganyia bima hii na akiba ya miaka kumi, muulize utarudishiwa kiasi gani ukijitoa mwaka wa pili. Jibu lake litakutosha.

Mfano ninaouheshimu zaidi uko Rukungiri. Hospitali ya Kisiizi ilianza bima ya jamii mwaka 1996 kwa kutumia vyama vya engozi, yaani majirani waliokuwa wakibebana kwa machela kwenda hospitalini. Kundi huingia kwa wingi, si wagonjwa peke yao, na hivyo wazima huchangia wanaougua. Vikundi vyetu vya akiba vya Bwera na Kasese tayari vina sanduku la misiba na maafa. Kikundi cha wanachama 30 kikienda kwa hospitali au kampuni kwa pamoja kinaweza kujadili bei, na kinaweza kudai Kongo iandikwe, jambo ambalo mtu mmoja sokoni hawezi.

Kabla ya kulipa, omba kuona leseni ya wakala kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA, na uchukue risiti ya kampuni, si ya daftari lake. Mamlaka hiyo ina ofisi ya malalamiko isiyotoza ada. Jirani yangu hakuwahi kuisikia. Sasa amerudi sokoni na kapu moja la samaki, la mkopo.