Sadaka bila haki haimfai mjane

Sisi Wakristo wa nchi hii twajua kuzika. Mtu akifariki, hazipiti siku mbili kabla ya daftari la michango kufunguliwa, kwaya kuanza mazoezi na akina mama kuteka maji na kutafuta kuni. Mhubiri husimama kando ya kaburi akatuhimiza tusimsahau mjane wala mayatima, nasi huitikia "Amina" kwa sauti moja. Kisha mahema huteremshwa, viti hurudishwa kanisani, na kila mtu hushika njia yake. Swali ambalo ningependa tulitafakari leo ni hili: mwezi mmoja baadaye, ni nani anayebisha hodi katika boma lile, na amefuata nini?

Nauliza kwa sababu jibu nililiona kwa macho yangu. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la saba, msichana mmoja aliyekuwa hodari wa hisabati alifiwa na babake. Kanisa letu lilichanga fedha za jeneza, na mamake akapewa gunia la mahindi na blanketi mbili. Katika wiki ya tatu msichana huyo alikoma kuja shuleni. Nilipomfuata nyumbani nilikuta ami zake wamekwisha gawana ng'ombe, wameng'oa mabati ya jikoni, na wamelima shamba lote hadi mlangoni pa mjane. Mmoja wa ami hao alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyeshika daftari la michango wakati wa matanga.

Nilimweleza kiongozi wetu wa kanisa. Alisikitika sana, akaahidi kumpelekea mama yule gunia jingine la mahindi. Kuhusu shamba hakutaka kusema neno, kwani hayo, alisema, yalikuwa mambo ya ukoo. Nami, nakiri kwa aibu, sikulisema tena. Hivyo tukawa tunamlisha mahindi mwanamke aliyenyang'anywa shamba la kupanda mahindi, na tukadhani tumetimiza amri ya Mungu.

Hapana shaka kwamba wengi wetu tunaukumbuka Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, aya ya 27, ambapo mwandishi anapima usafi wa dini ya mtu kwa jinsi anavyowajali waliofiwa na baba au mume. Kosa letu ni kuisoma aya hiyo kana kwamba inazungumzia chakula na mavazi peke yake. Maandiko, yakisomwa kwa ukamilifu, yanamtaja mjane na yatima kama watu wenye haki iliyo hatarini. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye shamba akisahau mganda kondeni anakatazwa kurudi kuuchukua, kwa kuwa sasa ni mali ya mgeni, yatima na mjane. Katika Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, waliofiwa na baba asiye na mwana wa kiume, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote. Hawakuomba chakula. Walidai urithi wa baba yao, na Mungu akaamua kwamba walikuwa na haki.

Isitoshe, yafaa tuitazame upya hadithi ya mjane maskini aliyetia sarafu zake mbili katika sanduku la sadaka. Hadithi hiyo huhubiriwa kila tunapotaka kujenga kanisa. Lakini aghalabu tunaruka maneno yanayoitangulia katika Marko, sura ya 12, ambamo Yesu anawashutumu waandishi wanaojionyesha kwa sala ndefu ilhali wanazila nyumba za wajane. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na sisi tumeyatenganisha kwa sababu moja inatuletea sadaka na nyingine inatushtaki.

Sheria za nchi yetu nazo hazikumwacha mjane mikono mitupu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtambua mtoto wa kike sawa na wa kiume. Kifungu chake cha 45 kinamkataza mtu yeyote asiye na idhini ya kisheria kuitwaa au kuiuza mali ya marehemu, na anayekiuka aweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja gerezani. Lakini sheria haitembei yenyewe hadi kijijini. Mjane hana budi kupata cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayowataja walioachwa na marehemu, ndipo aende mahakamani. Jina lake au la binti yake likiachwa katika barua hiyo, safari yake huwa ndefu mara mbili. Wengi huogopa kwenda kwa chifu peke yao, hususan ikiwa shemeji amewatangulia. Hapo ndipo kanisa linapohitajika, na linachohitajika kutoa si fedha nyingi. Ni watu wawili watatu wenye heshima watakaofuatana naye, wakae naye katika benchi, na waseme wanayoyajua.

Mfano wa Wakristo waliotambua hivyo tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1992 Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyekuwa pia daktari, alianzisha makao ya Nyumbani mtaani Karen, Nairobi, ili kuwalea watoto waliokuwa na virusi vya Ukimwi na ambao hawakuwa na wa kuwatunza. Watoto hao walipewa chakula, dawa na malezi. Walipofikia umri wa kusoma, shule za umma zikawakatalia nafasi. Makao hayo yangeweza kunyamaza na kuendelea kuwalisha. Badala yake yalikwenda mahakamani kuwatetea, na mwanzoni mwa mwaka 2004 serikali ikakubali wapokewe shuleni. Padri huyo alifariki mwaka 2006. Jambo alilotuachia la kujifunza ni kwamba mkono uliompa yatima uji ndio huo huo uliomshitakia aliyemfungia mlango.

Najua watakaonipinga. Wako watakaosema kwamba kanisa likiingilia mashamba litavunja koo na mila. Lakini mila ipi? Mila nyingi zetu zilimkabidhi ndugu wa marehemu kazi ya ulezi, si ruhusa ya kupora, na mjane aliachiwa mahali pa kulima ili awalee watoto wa marehemu. Anayetwaa shamba akamfukuza mkulima wake amevunja mila na dini kwa pamoja. Wengine watasema kwamba njaa haingoji mahakama. Hao nakubaliana nao. Gunia la mahindi lipelekwe, tena mapema. Ninachokataa ni gunia hilo kugeuzwa kuwa bei ya kunyamaza kwetu.

Wako pia wanaodhani kwamba suluhisho ni kuwapeleka mayatima katika makao ya watoto. Mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 unataka watoto walelewe katika familia. Ni shabaha njema. Lakini mama atamleaje mtoto nyumbani ikiwa nyumba yenyewe imeng'olewa mabati? Anayelinda shamba la mjane amewalinda watoto wake wasitawanyike.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaoziona dalili kabla ya watu wengine. Mtoto aliyefiwa huanza kuchelewa, kisha husinzia darasani, kisha sare yake hukosa vifungo, kisha kiti chake huwa kitupu. Wahenga walisema kwamba mtoto yatima hadeki, na kwa hiyo hatakuja kutulalamikia. Twapaswa kumwuliza kwa upole, faraghani, wala si kulisoma jina lake gwarideni pamoja na wadaiwa wa michango. Twajua kusoma na kuandika. Barua ambayo mjane angemlipa mtu mjini amwandikie, twaweza kumwandikia bure jioni moja.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba jambo hili ni la wazee tu. Kumsomea mama mjane barua aliyoletewa kabla hajatia kidole gumba chake ni utumishi. Kukataa kumdhihaki mwenzenu kwa viatu vilivyotoboka ni utumishi pia. Na siku mtakaporithi, kumbukeni kwamba dada zenu nao wana baba yule yule.

Kanisa la kwanza lilipolaumiwa kwamba wajane fulani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, halikuitisha mchango mwingine. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, chatueleza kwamba watu saba wenye sifa njema walichaguliwa kuishughulikia kazi hiyo. Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Katika mazishi yajayo, kabla daftari la michango halijafungwa, kila kanisa liteue watu watatu watakaofuatana na mjane kwa mwaka mzima, kwa chifu, mahakamani na shuleni, na wasiwe na sehemu yoyote katika mali ya marehemu. Majina yao yasomwe mbele ya kaburi, ami na shemeji wakisikia.

Msichana wangu wa hisabati hakurudi darasani. Angalikuwa na watu watatu wa namna hiyo, yamkini angalirudi.