Saini Bila Ufahamu Si Mapatano

Wageni na wenyeji waweza kufanya kazi pamoja kwa heshima. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mikono ya Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Lakini leo, nchini Tanzania, dhuluma hupewa jina la “tofauti za utamaduni”. Kibarua hukabidhiwa mkataba wa Kiingereza, akaamriwa kutia saini. Huinamisha kichwa na kuitikia “ndiyo”, kwani amelelewa kutombishia mkubwa mbele ya watu. Meneja huihesabu heshima hiyo kuwa ridhaa. Je, huko ni kutoelewana, au ni kutotaka kuelewa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina utata: mfanyakazi asiyeelewa masharti yake ya kazi ni lazima mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Ugeni hauondoi wajibu huo. Na mwajiri mzalendo anayejificha nyuma ya Kiingereza hana udhuru hata chembe. Basi mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya saini, na anayeuliza asifukuzwe. Aliyeweza kujifunza bei ya kila mali ya nchi hii, hashindwi kujifunza lugha ya watu wake.