MPIRA WA KIKAPU: WENZETU WAPO, SISI TUKO WAPI?

Sisi tuandikao haya ni watu wa visiwani tulioweka maduka yetu hapa Same, chini ya milima ya Upare, kando ya njia kuu iendayo Moshi. Twauza saruji, mabati, misumari na sukari. Atakayeuliza wauza misumari wana lipi na mpira wa kikapu, tutamjibu kwamba nyuma ya maduka yetu pana mwarobaini, na juu ya mwarobaini huo imepigiliwa rimu ya baiskeli, na kila jioni watoto wa hapa, wa Kipare na wa kwetu, hugombania mpira chini yake mpaka adhana ya magharibi. Watoto hao hawana kiwanja. Na nchi isiyowapa watoto wake kiwanja haiwezi kuwa na timu ya wakubwa. Hilo ndilo tulilolikusudia, nasi tutalisema bila ya kuzungukazunguka.

Mwezi wa Agosti 2025 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, iliandaa mashindano ya kandanda ya CHAN. Taifa Stars ilifika robo fainali, ikatolewa na Morocco kwa bao moja bila. Bendera zilipepea, honi zilipigwa hata hapa Same. Hatulaumu. Lakini siku zizo hizo, kuanzia tarehe 12 hadi 24, mataifa 16 yalikuwa Angola yakishindania ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu, mashindano yaitwayo AfroBasket. Uganda ilikuwako. Rwanda ilikuwako. Sudan Kusini na Kongo zilikuwako. Hata Madagaska, jirani yetu wa baharini, ilikuwako. Angola ikalitwaa kombe kwa mara ya 12 baada ya kuipiga Mali 70 kwa 43. Tanzania haikuwako, na ajabu yenyewe ni kwamba hapakusikika mtu aliyeuliza mbona haiko.

Wala hii si bakhti mbaya ya mwaka mmoja. Mwaka 2021 mashindano yalifanyika Kigali, katika jumba la watazamaji 10,000 lililofunguliwa na Rwanda mwaka 2019. Safari ile walikuwako Rwanda, Uganda, Kenya, Sudan Kusini na Kongo. Nchi 5 katika hizi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo. Kenya ilikuwa imekaa nje miaka 28, tangu 1993 ilipokuwa mwenyeji mjini Nairobi, nayo katika kuwania kurudi iliiangusha Angola yenyewe 74 kwa 73, mpira ukitumbukia kikapuni dakika ikiisha. Uganda, ambayo kabla ya 2015 haikuwahi kuonekana katika mashindano hayo, iliitoa Nigeria. Nasi? Hatukuwako 2015, hatukuwako 2017, hatukuwako 2021. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, mwendo wa saa chache kutoka hapa dukani. Yaani nyumba ni yetu, na karamuni hatumo.

Sasa twaambiwa sababu. Ya kwanza eti Watanzania si watu warefu. Hasheem Thabeet, mwana wa Dar es Salaam, ana urefu wa mita 2.21. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi kuu ya Marekani. Mwaka huo huo Stephen Curry, ambaye leo dunia nzima yamjua, alichaguliwa wa saba. Na baada ya hapo wakubwa wetu walifanya nini? Walipiga naye picha. Ilipookotwa almasi Mwadui watu hawakuisifu tu, walichimba.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nasi hatutaidharau. Wasema: msitutajie Sudan Kusini, kwani vijana wao wengi wamelelewa na kufundishwa Australia na Marekani. Ni kweli. Dola ile ilizaliwa 2011, ikaingia katika shirikisho la dunia 2013, na wakati wote huo imeonja vita na njaa. Na pamoja na hayo, katika Kombe la Dunia la 2023 iliipiga China, ikaipiga Ufilipino, ikaipiga na Angola, ikawa ya mbele katika Afrika na kupata nafasi ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024 mjini London iliwatoa jasho Wamarekani, wakaponea chupuchupu, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika Olimpiki yenyewe, vijana hao walisimama kuusikia wimbo wao wa taifa wakapigiwa wa Sudan. Wakasubiri mpaka ulipopatikana wa kwao, kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Lakini vijana hao hawakudondoka kutoka mbinguni. Luol Deng alizaliwa Wau, akakimbizwa Misri angali mtoto, akapata hifadhi Uingereza na kuichezea katika Olimpiki ya 2012. Aliposhika uongozi wa mchezo huo kwao aliwaendea vijana hao huko waliko akawakusanya, na fedha alizitoa mfukoni mwake. Tena nchi yao yawakubali kuwa raia hata wakiwa na uraia wa pili.

Je, sisi? Nani katika wasomaji wa karatasi hii asiye na ndugu Muscat, Dubai, London au Toronto? Watoto wao husoma katika shule zenye majumba ya michezo, na babu yao alizaliwa Wete au Usangi. Hao sheria yetu yawataka wakifika utu uzima wachague: uraia huu au ule. Imebuniwa hadhi maalumu kwa ajili yao, lakini hadhi maalumu si uraia, na shirikisho la dunia halimchezeshi mtu kwa hadhi. Kumbe mwezi wa Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa klabu moja ya kandanda walipewa uraia wa Tanzania. Hatuna ugomvi na wageni. Sisi wenyewe hapa Same ni wageni, na tumekaribishwa vizuri. Twauliza tu ni sheria gani hii ambayo aliyekuja kwa mkataba ni wetu, na mjukuu wetu si wetu.

Sababu ya tatu ni fedha. Hapa tuachiwe tuseme, kwani hii ndiyo kazi yetu. Kiwanja kamili cha mpira wa kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Sakafu ya zege ya unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 42. Kwa mchanganyiko wa kawaida, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, yatakiwa mifuko 270 hivi ya kilo 50. Mchanga uko makorongoni na mawe yako mlimani. Nguzo mbili, mbao zake na pete zake, za kimo cha mita 3.05 kutoka chini, fundi wa kuchomelea wa hapa hapa mjini azimaliza kwa siku chache. Mifuko 270! Kuna watu tuwauziao zaidi ya hiyo kwa ajili ya uzio wa nyumba zao, na miongoni mwao wamo hao watuambiao kwamba fedha hakuna. Arusha ulianza kujengwa mwaka 2024 uwanja wa kandanda wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Basi saruji ipo nchini.

Wala tusidanganywe kwamba haya ni mambo ya mataifa makubwa. Visiwa vya Cape Verde vina watu nusu milioni hivi. Unguja na Pemba peke yake, kwa sensa ya 2022, zina watu 1,889,773, na Tanzania nzima 61,741,120. Watu wale wa visiwani, wavuvi na mabaharia kama sisi, walikwenda Kombe la Dunia la 2023 wakaishinda Venezuela 81 kwa 75.

Mwaka jana tulikwenda katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, kuomba kipande cha ardhi kilicholala bure nyuma ya maduka, si kwa kujenga vibanda bali kiwe kiwanja cha watoto. Bwana tuliyemkuta alitusikiliza huku akitazama simu yake. Akasema mpira wa kikapu ni mchezo wa shule za ada kubwa, watoto wa hapa wataka kandanda. Tukamwambia atoke dirishani tu, autazame mwarobaini. Hakutoka. Akatuambia tuandike barua. Tukaandika.

Huenda alidhani wenye maduka watachoka. Amesahau yuko mji gani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja kukaa hapa Same kwa sababu ya mbiru, kodi ya kupimiwa mali, wakakataa kurudi kwao kwa maneno matupu ya serikali ya Kiingereza. Wajukuu wa watu hao ndio wateja wetu, na ndio baba za watoto wanaocheza chini ya rimu ile. Tumekaa nao, tumehesabiana. Wenye maduka watatoa mifuko 80. Wenye malori watabeba mchanga bila ya nauli. Mafundi wawili wamejitolea kuchomelea nguzo, sharti wapewe chuma. Mifuko 190 iliyobaki twaitaka kwa wanaokusanya kodi, pamoja na karatasi ya ardhi yenye mhuri.

Barua yetu ya pili imepelekwa Jumatatu iliyopita, na nakala yake tumeibakisha. Jibu likija, liwe la kheri au la kukataa, tutamwomba mhariri alichape katika karatasi hii neno kwa neno.